Mazungumzo ya Nyumbani: Kumpiga Picha Ndege wa Manjano

Mwalimu mmoja wa huku bonde la Rukwa ametuuliza neno. Kila mwaka miombo ichipuapo hutokea ndege wa manjano, na wanafunzi wake humpiga kwa manati wapate kumtazama karibu. Je, yawezekana kumpiga picha badala ya jiwe, naye ni hodari hivi wa kujificha?

Yawezekana, ila kwanza tumjue. Sisi hatuna machipuko kama ya Ulaya, lakini miombo ina yake. Septemba na Oktoba, jua likiwa kali na mvua ingali mbali, miti ya milimani juu ya Kamsamba huvaa majani mapya, mekundu kama shaba. Ndipo ndege huyu arudipo kuzaa katika miombo ya kusini. Katikati ya mwaka alikuwa kaskazini, wengine wao hata pwani ya Kenya.

Oktoba mambo huchanganyika, maana mgeni wa pili aja. Huyu alizaliwa Ulaya au magharibi ya Asia, akavuka jangwa la Sahara kuikimbia baridi. Hazai kwetu, na mwezi wa Aprili huwa njiani kurudi kwao. Madume ya aina zote mbili yana mwili wa manjano na mdomo mwekundu, hata mtu aliye chini ya mti hawezi kuyatenga. Picha yaweza. Wa Afrika ana mstari mweusi upitao jicho na kuendelea nyuma yake, na manyoya ya mabawa yana kingo pana za manjano. Wa Ulaya weusi wake wakoma penye jicho, na bawa ni jeusi karibu lote. (Yuko na wa tatu, mwenye kichwa cheusi chote, huyo ni mwenyeji, tusimtie katika hesabu hii.) Zamani wataalamu walimwua ndege ili wapate kumtambua kwa hakika, siku hizi mtoto wa darasa la tano aweza kumtambua naye ndege akaenda zake.

Sasa kazi yenyewe. Usimfuate, maana ukimfuata atahama mti hata jioni. Tafuta mkuyu wenye matunda mabivu, kwa kuwa hupenda matunda pamoja na viwavi. Uketi mapema, jua likiwa mgongoni, ungoje. Sauti yake kama filimbi itakuambia yupo. Akiwa kileleni, na mbingu nyeupe nyuma yake, picha itatoa kivuli tu, nawe utadhani umempiga kunguru. Subiri ashuke penye majani. Simu ya mkononi peke yake huleta tone la manjano, basi. Lakini mwenye darubini aiegemeze penye panda ya mti, kisha aweke jicho la simu juu ya kioo chake. Kazi yataka mikono mitulivu, nayo yawezekana.

Kujificha ni jambo la kale. Richard na Cherry Kearton, ndugu wawili wa Uingereza, karibu na mwaka 1900 walitengeneza ng'ombe wa ngozi, mtupu ndani, mpiga picha akaingia tumboni na kamera yake. Kwetu ng'ombe asiyetembea angekusanya kijiji kizima! Kitenge cha rangi ya majani chatosha.

Kuhusu kiota nasema waziwazi: asipigwe picha kiotani. Najua ndiyo picha rahisi, kwa maana ndege hana budi kurudi pale. Kiota chake huning'inia katika panda ya tawi kama machela, na ukikunja matawi upate nafasi, jua lawapiga makinda, na wazazi huogopa kuwalisha. Tena njia uliyoikanyaga huonekana, na tumbili wana macho. Watoto wenye manati pia wana macho, nao hufuata nyayo za mwalimu wao.

Basi yule mwalimu awape wanafunzi daftari moja. Kila picha iandikwe siku yake, mti wake, na kama mstari mweusi wapita nyuma ya jicho au la. Ndege wa Septemba watakuwa nao. Kazi ya darasa ni kuona siku gani ya Oktoba atatokea wa kwanza asiye nao.