Maandishi mema nayo hutembezwa

Katika shule nyingi na katika ofisi nyingi za serikali hakosekani mtu mmoja mwenye kalamu. Ni mwalimu au mtumishi ambaye, kazi za mchana zikiisha, huketi akaandika habari za wilaya yake, maoni juu ya kilimo na malezi, au beti chache za shairi. Hutoa nakala kwa fedha zake mwenyewe, akawagawia rafiki zake, kisha akangoja. Miezi mitatu hupita, na nakala zilizosalia huliwa na mchwa kabatini. Hapo ndipo husikika lile neno ambalo limekuwa wimbo wa wasomi: "Watu wetu hawapendi kusoma."

Neno hilo halina budi kukataliwa. Ni neno la kujifariji, tena ni neno la kumdharau mwananchi. Anayelisema hujikinga nyuma ya methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza, akaamini kwamba maandishi yake, kwa kuwa ni mema, hayahitaji kutembezwa. Lakini embe jema hujiuza likiwa sokoni. Likifungiwa ndani huoza kama embe bovu.

Historia ya magazeti ya Kiswahili katika nchi hii inashuhudia kwamba wasomaji wapo, na kwamba hupatikana kwa kufuatwa. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ilianzisha Mambo Leo. Mengi yaliyomo yalikuwa mawaidha ya mtawala kwa mtawaliwa, na hayo peke yake yasingetosha kumvuta mtu. Yaliyowavuta walimu na makarani wa majimbo ni kurasa walizoziandika wao wenyewe: barua, habari za kwao, na mashairi. Mshairi wa pwani akitoa fumbo kwa beti, wa bara alilifumbua kwa beti, na wengine wakangoja toleo lijalo wajue nani atamjibu nani. Shaaban Robert, aliyeingia katika utumishi wa idara ya Forodha mwaka 1926, alikuwa miongoni mwa waliotoa mashairi yao humo. Kabla hajawa na vitabu, alikuwa tayari na watu waliomjua na waliomngoja.

Mwaka 1937 Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alianzisha gazeti la Kwetu. Hakuwa na hazina ya serikali nyuma yake, na upungufu wa fedha ulimwandama siku zote. Hata hivyo gazeti hilo lilidumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu lilisema juu ya hali ya Mwafrika yale ambayo gazeti la mkoloni halikuweza kuyasema. Nayo Sauti ya TANU, iliyoanza mwaka 1957, ilikuwa karatasi za kurudufu tu. Lakini maneno yake yalikuwa mazito kiasi kwamba mwaka 1958 mhariri wake, Julius Nyerere, alishtakiwa mahakamani kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili, akatozwa faini. Hakuna serikali inayoshitaki karatasi isiyosomwa.

Katika mifano hiyo mwandishi wa leo ana mambo manne ya kujifunza.

La kwanza ni kuwa na jambo la kusema. Mkono mtupu haulambwi. Mkulima atasoma makala juu ya bei ya pamba, mbolea iliyochelewa au mpaka wa shamba lake, kwa kuwa mambo hayo yanagusa chungu chake. Hatasoma kurasa tatu za mwandishi kujieleza jinsi alivyosoma. Anayetaka kusomwa aulize kwanza watu wanasumbuliwa na nini, ndipo ashike kalamu.

La pili ni kutokea kwa wakati. Karatasi inayotoka leo, kisha ikapotea miezi mitano, ni kama duka lisilojulikana saa ya kufunguliwa. Wateja huzoea kupita njia nyingine. Ni afadhali ukurasa mmoja kila mwezi kuliko kitabu kizima siku mwandishi atakapojaliwa. Haba na haba hujaza kibaba, na desturi ya kusoma hujengwa vivyo hivyo.

La tatu ni kumwachia msomaji nafasi. Waandishi wengi hutaka kusikilizwa, lakini ni wachache wanaotaka kusikiliza. Barua ya kukosoa hutupwa, na ya kusifu hutangazwa. Huko ni kujipunja, kwani aliyeandika barua na kujibiwa kwa heshima huwa msomaji wa kudumu, tena huwaonyesha jirani zake mahali jina lake lilipotajwa. Isitoshe, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwandishi asiyekosolewa huharibika bila kujua.

La nne ni kuyapeleka maandishi mahali watu walipo. Mathias Mnyampala alilielewa jambo hili vema. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera alizozitunga ziliingia mashuleni. Watoto walizihifadhi na kuzitamka mbele ya hadhara, hata asiyejua kusoma akayapata yaliyoandikwa. Zahanati, chama cha ushirika, kibanda cha kinyozi na kivuli cha mwembe ni maktaba zisizo na rafu. Leo, ambapo maandishi husafiri hata kwa simu ya mkononi, udhuru wa kuyaficha kabatini umepungua zaidi.

Ipo njia nyingine, ya mkato, nayo ni ya hatari. Ni ile ya kuwavuta watu kwa vichwa vya habari vinavyopiga kelele, kwa fitina za majirani na siri za nyumba za watu. Njia hiyo huleta kundi kubwa upesi, nalo hutawanyika upesi, kwani anayedanganywa na kichwa cha habari mara mbili hadanganyiki mara ya tatu. Mwalimu anayejali jina lake hawezi kuifuata.

Jambo hili si la kutafuta sifa. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kiasi cha theluthi mbili. Baada ya kampeni kubwa za elimu ya watu wazima, takwimu rasmi za mwaka 1986 ziliwaweka karibu na asilimia 10. Wizara ya Elimu ilijua kwamba aliyejifunza kusoma, asipopata cha kusoma, husahau; ndiyo maana mwaka 1974 lilianzishwa gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho huko Mwanza. Lakini sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamezidi tena robo ya watu wazima. Sababu zilikuwa nyingi, na mojawapo ni kwamba wengi walifundishwa herufi, kisha wakaachwa bila karatasi ya kuzitumia.

Kwa hiyo kila mwalimu na kila mtumishi mwenye kipaji cha kuandika anadaiwa. Nakala zilizo kabatini zitolewe. Moja ibandikwe zahanati, nyingine isomwe mkutanoni, ya tatu apewe yule bibi aliyehitimu kisomo miaka mingi iliyopita na ambaye tangu siku hiyo hajaletewa hata ukurasa mmoja. Naye akisema hakuelewa, lawama isiwe juu yake. Mwandishi arudi mezani, aandike upya.