Ushanga uliobanwa kwa chuma ni kazi ya mkono

Wako wanaodai kwamba ushanga wa kioo ukishabanwa kwa kibanio cha chuma si kazi ya mkono tena. Hayo ni maneno ya watu wasiowahi kukaa mbele ya moto.

Fimbo ya kioo huyeyushwa kwenye mwali, ikazungushwa juu ya waya uliopakwa udongo ili isigande. Ushanga ukiwa bado mwekundu na laini, hubanwa upate ubapa au pembe. Kibanio ni baridi, kioo kinashtuka. Lazima urudishwe motoni, kisha upoe polepole, la sivyo utapasuka. Kibanio kinajua hayo? Mhunzi wa Lulimba akifua jembe, nani anasema limetengenezwa na nyundo?

Mwizi ni yule anayenunua shanga za kalibu za kiwanda, zinazotoka kwa maelfu, akaziuza kwa jina la kazi ya mkono.

Ng'ambo ya ziwa, Ujiji, katika karne ya 19 shanga za kioo zilikuwa pesa ya sokoni. Nyingi zilitoka Venice. Huku zikaondoka pembe za ndovu. Mchezo ni uleule kama mama aliyekimbia vita, leo yuko Lulimba, atapewa uzi na sindano tu atunge shanga za wengine. Kule Kitengela, Kenya, vioo vilivyotupwa vinayeyushwa na kuwa shanga. Wanaoahidi mafunzo kwa wakimbizi wa ndani wa Fizi walete moto, kibanio na miwani ya kukinga macho.