Punguzeni Mitambo, Santuri Msiziguse

Mwezi wa Februari tulihama. Tulitoka ghorofa ya pili ya nyumba ya Kibokoni, ambayo babu aliipanga tangu mama hajazaliwa, tukaingia vyumba viwili huku Makadara. Mwenye nyumba alitaka nyumba yake, na notisi ni notisi. Kabati la vyombo lilipata mnunuzi. Kitanda cha nyanya kilifunguliwa mbao moja moja kikashuka ngazi. Kilichobaki katikati ya sebule ni mtambo wa marehemu babu.

Hebu niuorodheshe ili tuelewane. Spika mbili za kusimama sakafuni, kila moja yafika kifuani mwa dadangu. Amplifaya mbili, moja ya kutayarisha sauti, nyingine ya kusukuma spika. Ikolaiza yenye vitaa vyekundu. Redio ya pembeni. Deki ya kaseti. Mashine ya kumeza CD tano kwa mpigo. Na kinanda, maana hivyo ndivyo babu alivyoita mashine ya kuchezea santuri, na mpaka leo kwetu ni kinanda. Halafu mziki wenyewe: masanduku manne ya santuri, CD kama mia hivi, na mfuko wa kaseti.

Ami yangu akapiga simu kutoka Muscat. Baada ya salamu akaniambia, "Mwanangu, uza vyote. Siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Mwahamia vyumba viwili, mtalala juu ya spika?"

Kwa upande wa spika, ami alikuwa na haki. Kwa hilo la kila kitu kiko kwenye simu, hapana, na ndilo lililonifanya nikae niandike.

Siku mbili baadaye alikuja mnunuzi. Jamaa mpole, na viatu alivua mlangoni. Akachuchumaa mbele ya masanduku, akawa anapiga picha lebo na kutazama bei kwenye simu yake. Alichambua santuri ndogo kama sitini hivi, benga na rumba nyingi, akazipanga pembeni. "Hizi nawapa mia moja kwa moja," akasema. "Hizo nyingine, za taarabu, nitawasaidia kuzitoa."

Kutusaidia kuzitoa! Nilimshukuru, nikamrudishia viatu vyake. Mama alinilaumu usiku kucha, na sikuwa na la kumjibu. Elfu sita ni elfu sita, hasa katika nyumba ambayo kijana wake aliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, na sasa analipwa kwa makala, tena akilipwa. Kwa hiyo msinione kama tajiri anayechezea vitu vya kale. Nilikataa pesa tuliyoihitaji, na ninadaiwa sababu.

Sababu ya kwanza ni hii. Nilichomoa santuri kumi kutoka sanduku la taarabu, bila kuchagua, nikakaa na bando langu kuzitafuta. Nilizipata tatu. Moja ilikuwa na jina la mwimbaji mwingine kabisa, na hakuna niliyoona ikitaja nani alipiga fidla. Saba hazikuwepo. Huenda kesho mtu atazipandisha. Huenda keshokutwa atazishusha, akaunti ikifungwa au mkataba ukiisha, na hakuna atakayekuuliza wewe uliyekuwa ukilipa kila mwezi. Simu haikuuzii wimbo. Inakukodishia, kama mwenye nyumba wetu, na notisi yake haina hata barua.

Simu siipingi. Kwenye matatu ya Buxton na kwenye feri ya Likoni nasikiliza simu kama wenzangu wote. Ninachopinga ni ile "kila kitu". Kila kitu cha nani? Ukiwa mpenzi wa nyimbo zilizotoka mwaka jana, sawa. Lakini mziki wa pwani hii una safari yake. Siti binti Saad alivuka bahari mpaka Bombay mwaka 1928 ili sauti yake iingie kwenye santuri. Hapa Mombasa, Assanand walikuwa na duka na lebo yao, Mzuri, na sahani zao ziliingia majumbani mwetu. Mwaka 1990, GlobeStyle ya London ilitoa CD ya Maulidi Musical Party iitwayo Mombasa Wedding Special, na nyingine ya Zein Musical Party, Mtindo wa Mombasa. Yaani mziki wa harusi zetu ulibidi uende London ndipo uturudie kwenye kiboksi cha plastiki. Babu alikuwa nazo zote mbili, na aliletewa na huyohuyo ami anayesema niuze.

Biashara ya santuri ilipokufa, nakala zilibaki chini ya vitanda vyetu. Sasa wanakuja wanunuzi, wanachukua zinazotakiwa Ulaya, zilizobaki zinakwenda jaani. Na sisi ndio tunaowafungulia mlango, tukisema asante kwa kutupunguzia mzigo.

Sasa nageukia upande wa pili, maana kuna watu wanaonipigia makofi hapa, nao ndio walionichosha zaidi. Hawa ni ndugu zangu wa mitambo. Mnajuana. Ukiwaambia unapunguza spika, wanakutazama kama umetaja kuuza figo. Kwao santuri haisikilizwi mpaka uwe na spika za kimo cha mlango, waya wa bei ya pikipiki, na amplifaya inayopasha chumba joto, kana kwamba Mombasa ina upungufu wa joto.

Hawa ndio wanaowatisha vijana. Beshte yangu mmoja ana santuri za babake na hajawahi kuzisikiliza hata moja, kwa sababu aliambiwa "mtambo wa maana" unaanzia laki. Basi zinaoza huku akingoja laki.

Hebu tupige hesabu. Amplifaya ya wati 100 haitoi sauti mara mbili ya ile ya wati 50. Inaizidi kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo utaisikia, lakini ni ndogo. Ili sikio lione sauti imekuwa mara mbili, wahitaji nguvu kama mara kumi. Chumba chetu ni futi 10 kwa 12. Wati 20 zatosha na kubaki. Na babu mwenyewe, miaka yote ile Kibokoni, kitufe chake cha sauti hakikuvuka nambari tatu, maana akivuka tu, besi ilishuka kupitia sakafu na jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Zile spika kubwa zilikuwa fahari ya sebule. Kazi yao hazikuwahi kuifanya.

Kwa hiyo nilipunguza, na bila majuto. Spika kubwa ziliuzwa kwa mtu mwenye ukumbi, ambako zitapumua. Ikolaiza ikaenda, redio ikaenda, amplifaya mbili zikaenda, na ile mashine ya CD tano ikaenda pia, kwani ni nani asikilizaye CD tano kwa mpigo? Mahali pake nilinunua, za mtumba, amplifaya moja ndogo, spika mbili za kukaa juu ya rafu, na mashine ya CD moja. Kinanda sikukigusa, isipokuwa kukibadilishia mkanda wa mpira, ambao joto letu huulegeza mpaka waimbaji wakaanza kuburuza maneno kama wenye usingizi. Na sindano mpya, kwa sababu sindano iliyochakaa haiharibu sauti ya leo tu, inachimba santuri isipone tena.

Kuna jambo moja ambalo huwezi kulikwepa. Kinanda hutoa umeme mdogo mno, milivolti tano hivi, ilhali mashine ya CD hutoa hadi volti mbili. Kwa hiyo amplifaya iwe na tundu lake maalumu la kinanda, lililoandikwa "phono", au ununue kikuza sauti kidogo cha kuweka katikati. Ukichomeka kinanda kwenye tundu la CD utasikia mziki kwa mbali kama uko nyumba ya tatu, halafu utasema santuri ni mbovu. Fundi wa redio mtaani kwako ataliona hilo kwa dakika moja.

Mtambo wote sasa unakaa juu ya meza moja. Pesa niliyopata kwa kuuza vikubwa ililipa vidogo, na iliyobaki mama akaiweka kwenye deposti ya nyumba. Tangu hapo amenyamaza kidogo kuhusu zile elfu sita.

Lakini na mimi nilikosea, na nitasema, kwa sababu anayekemea wenzake lazima avue nguo zake pia. Niliuza deki ya kaseti. Nilikuwa nimesoma sana maoni ya watu wa mbali, wanaoandika kwamba santuri ina ladha na CD ina usafi, na kaseti ni takataka. Nikaamini. Wiki ya pili huku Makadara nyanya akaniambia, "Mjukuu wangu, niekee Juma Bhalo." Nikaenda kwenye santuri, simuoni. Nikaenda kwenye CD, simuoni. Alikuwa kwenye ule mfuko, kaseti baada ya kaseti, nyingine zina lebo ya Mbwana Radio Service wa papa hapa Mji wa Kale. Na nyumba nzima haikuwa na mahali pa kuzitia.

Nilinunua deki nyingine, mbovu kuliko ya kwanza, kwa bei ya juu kuliko niliyouzia. Orodha ya kupunguza niliichukua kwa watu ambao historia ya mziki wao si yangu. Kwetu kaseti ndiyo iliyobeba taarabu kwa miaka mingi, na mengi yaliyoimbwa kwenye harusi za mji huu yako humo na kwingine hayapo. Basi kabla hujauza chombo chochote, hesabu kwanza kilichomo ndani ya mifuko. Vyombo vifuate mziki ulio nao.

Najua pingamizi zitakazokuja. Mtasema: rekodi yote kwenye kompyuta, kisha tupa. Kurekodi nakubali, na nimeanza, santuri moja kila usiku stima ikiwepo. Kutupa ndiyo sikubali. Sote tumekua na kaseti iliyorekodiwa kutoka kaseti iliyorekodiwa kutoka kaseti. Twajua nakala hufikia wapi pale asili inapopotea. Na lebo nayo ni maandishi: jina la mtunzi, jina la bendi, nambari ya toleo. Hayo hayaingii kupitia waya wa sauti.

Mtasema unyevu wa Mombasa utazimaliza zote. Utazimaliza ukiziacha. Zisimamishe wima, usizilaze moja juu ya moja. Ziweke mbali na ukuta unaotoa jasho na dirisha la jua. Ukungu hufutwa kwa maji safi na kitambaa laini, bila kulowesha lebo. Ni kazi ya Jumapili mbili kwa mwaka, na haihitaji digrii. Mimi ni ushahidi.

Na mtasema, nyumba ni ndogo. Ni kweli. Masanduku manne ya santuri yako chini ya kitanda changu, na kaseti ziko kwenye shubaka la jikoni. Lakini angalieni ni nini kilichokuwa kikubwa kwenye ule mtambo wa babu. Chuma na mbao ndizo zilizojaza sebule, na hizo zote zilikwenda. Mziki wenyewe unalala chini ya kitanda kimoja.

Ami anakuja Idi. Nimemwambia kwa simu kwamba zile CD alizoleta zipo, akacheka, akaniuliza kama kile kijitabu chake nacho kipo. Kipo. Akataka nimsomee majina ya wapigaji, nikamsomea yote, na bili ya simu alilipa yeye.

Kama kwenu kuna sanduku, lifungue wiki hii. Kaa na mkubwa wa nyumba, chukua daftari, andika nani anaimba na mlipata wapi. Ukimaliza, uza spika ukipenda. Mnunuzi akibisha hodi, na atabisha, akukute unajua ulicho nacho.