Tembe za Mtu Hazipigiwi Kura

Kiswahili kimetuponza kidogo hapa. Anachouza jamaa pale kichochoroni ni dawa, na anachoandikiwa mgonjwa pale Mathari pia ni dawa. Sasa weka watu sita waliotoka rihabu kwenye nyumba moja ya kupanga, waape kuishi bila dawa, halafu mmoja wao atoe tembe zake za lithiamu mezani. Utasikia tu: "Wewe hujaacha, umebadilisha."

Maneno hayo yananikera kwa sababu hizi nyumba naziamini. Mwaka 1975, huko Silver Spring, Maryland, kaunti ilipofunga nyumba iliyokuwa ikiwahifadhi walioacha pombe, wakaaji, akiwemo Paul Molloy, waliikodi wenyewe. Wakaiita Oxford House. Hakuna meneja, hakuna daktari wa zamu. Wanagawana kodi, wanachagua viongozi wao, wanapiga kura nani aingie. Anayerudia kutumia anatolewa. Leo Marekani ina maelfu ya nyumba hizo. Linganisha na rihabu zetu: miezi mitatu, bili ya kuuza shamba, kisha unarudishwa mtaa uleule kwa mabeste walewale. Siku ya 91 unalala wapi? Swali hilo wenzako wanalijibu vizuri kuliko hospitali.

Lakini kura ina mipaka. Nani aoshe sufuria, pigeni. Nani ana deni la kodi, pigeni. Dozi ya mtu si ajenda ya mkutano wa Jumapili usiku. Mwenye baipola akiacha lithiamu ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo, na hatari ya kujiua inapanda. Anayelazimishwa kuacha methadoni, mwili wake unapoteza mazoea. Akiteleza wiki kadhaa baadaye na kujidunga kipimo chake cha zamani cha heroini, anaweza kufa papo hapo. Nyumba itachanga pesa za matanga na kunong'ona kwamba marehemu hakuwa na nia.

Na msiniambie huo ndio msimamo wa AA. AA wenyewe wana kijitabu kuhusu suala hili, na kinakataza mwanachama kujifanya daktari wa mwenzake. Hapa kwetu kliniki ya methadoni ilifunguliwa Mathari mwishoni mwa 2014, Malindi ikafuata 2015. Si habari ya jana. Hata hivyo mtu anaamka alfajiri, anapanga foleni, anakunywa dozi mbele ya muuguzi, akirudi nyumbani anaitwa teja mwenye kadi ya hospitali. Na anayemwita hivyo ni mtu aliyelia kwenye kikao akisimulia jinsi familia yake ilivyomdharau!

Najua mtanijibu kwamba kuna tembe za kulewesha. Kweli, waliokulia Mombasa wanaijua bugizi. Basi nunueni visanduku vyenye kufuli, kila mtu na ufunguo wake. Mwulizeni mtu kuhusu dawa zake siku anapohojiwa kuingia, si miezi minne baadaye mkiwa mmekosana juu ya sukari. Akizimeza kupita alivyoandikiwa, hiyo ni kesi nyingine, na sheria yake mnayo tayari.

Kwenye karatasi iliyobandikwa mlango wa friji, juu ya kifungu cha pombe na kile cha kelele za usiku, ongezeni kimoja: dawa aliyoandika daktari haijadiliwi hapa. Na aliyemshauri mwenzake aitupe, huyo ndiye asimame Jumapili ajieleze.