Zamu ya Dini Haimo Katika Katiba

Kila unapokaribia Uchaguzi Mkuu nchini Tanzania, barazani, ndani ya daladala na hata nje ya nyumba za ibada husikika maneno haya: "Safari hii ni zamu yetu." Waislamu huyasema, na Wakristo huyasema. Wapo wanaotania, lakini wapo pia wanaoamini kwa dhati kwamba Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 imeagiza Urais upokezanwe kati ya wafuasi wa dini hizi mbili. Tumeona ni wajibu wetu kusema wazi kwamba agizo la namna hiyo halimo.

Twaelewa imani hii ilivyoota mizizi. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa Mkristo. Mwaka 1985 akafuata Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu; mwaka 1995 Benjamin Mkapa, Mkristo; mwaka 2005 Jakaya Kikwete, Mwislamu; na mwaka 2015 John Magufuli, Mkristo. Anayehesabu majina haya huona mpangilio, kisha hudhani mpangilio huo ni sheria. Lakini jambo kutokea mara kadhaa si hoja kwamba limeamriwa.

Basi na tuifungue Katiba yenyewe. Ibara ya 39 inataja sifa za anayetaka kuchaguliwa kuwa Rais. Miongoni mwa sifa hizo ni kuwa raia wa kuzaliwa, kutimiza umri wa miaka 40, kuwa mwanachama wa chama cha siasa na kupendekezwa nacho, na kuwa na sifa za kumwezesha kuwa Mbunge au Mwakilishi. Dini haikutajwa. Ibara ya 3 inasema kuwa Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini, na Ibara ya 9 inavitaka vyombo vya umma vitoe nafasi sawa kwa raia wote bila kujali dini zao.

Huenda baadhi ya watu wamechanganya mambo mawili. Ibara ya 47 inaagiza kwamba Rais akitoka sehemu moja ya Muungano, Makamu wake atoke sehemu ya pili. Hapo yanazungumzwa Bara na Zanzibar, wala si msikiti na kanisa. Kwa kuwa wananchi walio wengi wa Zanzibar ni Waislamu, agizo linalohusu Muungano limegeuzwa vinywani mwa watu likawa la dini.

Rais Magufuli alipofariki dunia tarehe 17 Machi 2021, Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa tarehe 19 Machi. Kwa wahesabuji, zamu ilikuwa imewafikia Waislamu. Ukweli ni kwamba Ibara ya 37 ndiyo iliyotumika: kiti cha Rais kikiwa wazi kwa kifo, Makamu wa Rais huapishwa kwa muda uliobaki. Angalikuwa Mkristo, angaliapishwa vilevile.

Je, kuna madhara gani kuliacha kosa hili? Yapo, tena makubwa. Anayeamini zamu humpima mgombea kwa jina lake, akaacha kuuliza juu ya uadilifu na uwezo wake. Kiongozi akikosea, wenzake wa dini humtetea kwa kuwa "ni wetu", na wengine humlaumu hata anapotenda mema. Na siku mpangilio huo utakapokatika, kama Katiba inavyoruhusu, watu watajiona wamedhulumiwa haki ambayo hawakupewa kamwe. Fitina huanzia hapo.

Sisi Waislamu tunayo sababu zaidi ya kujihadhari. Qur'an Tukufu, katika Sura An-Nisaa, inatuagiza kukabidhi amana kwa wanaozistahiki. Kura ni amana. Haikusemwa tuikabidhi kwa zamu.

Ndugu wasomaji, Katiba imechapishwa kwa Kiswahili, lugha yetu sote. Aambiwaye kwamba Katiba inasema hivi au vile, na aulize: ni Ibara ya ngapi? Kisha aisome mwenyewe kabla ya kulipeleka neno hilo kwa jirani. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kusema yaliyo kweli na kuilinda amani ya nchi yetu. Amin.