Ar-Risala Imerudi Sebuleni



Juma lililopita mtoto wa kaka yangu aliwasili kutoka Dubai na, pamoja na udi, marashi na tende, akanikabidhi kifurushi chembamba. Ndani yake mlikuwa na diski ya filamu ya Ar-Risala, nakala iliyosafishwa upya. Wasomaji waliovuka miaka arubaini hawahitaji kuelezwa ni filamu gani. Vijana nitawaeleza: ni ile inayosimulia kuja kwa Uislamu, tangu siku za kushuka wahyi hadi kufunguliwa kwa Makka, ambayo wazee wenu wakiitazama kila Ramadhani na kila Idd, wameketi mikekani mbele ya runinga moja iliyotosheleza mtaa mzima.

Kwetu Mji wa Kale, Mombasa, runinga hiyo ilikuwa sebuleni mwa nyumba yetu. Kanda ililetwa na jamaa aliyetoka Muscat. Ilikuwa imenakiliwa kutoka kanda nyingine, nayo hiyo kutoka nyingine tena, hata mchanga wa jangwani ukawa wa kijivu na nyuso za watu zikawa kama zinatazamwa nyuma ya chandarua. Toleo letu lilikuwa la Kiarabu. Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa karani bandarini na Kiarabu alikisoma chuoni tangu utotoni, basi yeye ndiye aliyekuwa mfasiri. Alikaa kando ya runinga, akina mama upande mmoja na watoto mbele, akitufasiria neno baada ya neno.

Ami yangu mkubwa hakuingia. Yeye alishika kauli ya wanavyuoni wanaoona kuwa haifai Masahaba kuigizwa, akabaki nje barazani na kikombe chake cha kahawa. Baba hakubishana naye. Aliongeza sauti kidogo tu, na dirisha akaliacha wazi.

Hitilafu hiyo ya barazani kwetu ilikuwa ndogo ukilinganisha na iliyoikuta filamu yenyewe. Mtengenezaji wake, Moustapha Akkad, alizaliwa Halab, Syria, akaenda Marekani akiwa kijana kusomea filamu. Alipoazimia kuwasimulia watu wa Magharibi habari za dini yake, aliunda filamu mbili kwa wakati mmoja. Kila tukio lilipigwa kwa waigizaji wa Kiingereza, kisha wakaingia waigizaji wa Kiarabu mahali palepale, wakalirudia kwa lugha yao. Anthony Quinn aliigiza Sayyidna Hamza (R.A.) kwa Kiingereza, na Abdullah Gaith wa Misri kwa Kiarabu. Hind bint Utba aliigizwa na Irene Papas wa Ugiriki, na kwa Kiarabu na Muna Wassef wa Syria. Muziki ulitungwa na Maurice Jarre, Mfaransa.

Kazi ilianzia Morocco, ambako mji mzima wa mfano wa Makka ulijengwa. Saudia ilipopinga, ruhusa ya Morocco ikaondolewa, na Akkad akahamishia kazi Libya, akaimalizia huko. Filamu ilitoka mwaka 1976. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba Quinn ameigiza Bwana Mtume (S.A.W.), jambo ambalo halikuwa na ukweli wowote. Machi 1977 watu wenye silaha waliteka majengo matatu mjini Washington, na miongoni mwa madai yao ni filamu hiyo isionyeshwe. Mwanahabari mmoja kijana aliuawa. Mabalozi wa nchi tatu za Kiislamu, Misri, Pakistan na Iran, walisaidia kuwasihi watekaji mpaka mateka wakaachiliwa.

Akkad mwenyewe alifariki Novemba 2005, baada ya milipuko ya mabomu katika mahoteli ya Amman, Jordan. Binti yake aliuawa katika shambulio hilohilo. Waliolitenda walijinasibisha na dini ileile ambayo yeye alitoa miaka yake kuieleza. Ni mwanawe, Malek, aliyesimamia kusafishwa kwa filamu, na mwaka 2018, wakati wa Idd-ul-Fitr, nakala hiyo mpya ikaonyeshwa Saudia kwenyewe.

Nini maana ya kusafisha filamu? Filamu ya zamani ni utepe mrefu wa picha ndogondogo. Sekunde moja hupitisha picha 24, kwa hiyo filamu ya karibu saa tatu ina picha kama robo milioni. Mafundi huuchukua utepe wa asili, wakaipitisha kila picha katika mashine ya kidijitali, wakafuta vumbi na mikwaruzo, wakarudisha rangi zilizopauka na kuitengeneza sauti. Hawaongezi kitu. Wanaondoa kile ambacho miaka imekiweka juu ya kazi ya wenyewe.

Lakini kwetu sisi wa kanda, vumbi halikuwa hasara kubwa. Filamu hii ilipigwa kwa upana, upana wa picha ukizidi mara mbili ya kimo chake. Runinga zetu za zamani zilikaribia mraba. Ili picha ijaze kioo, ilikatwa pande, na katika kanda kama yetu zaidi ya thuluthi moja ya kila picha ilitupwa. Tuliipenda filamu miaka yote hiyo, na kumbe hatukupata kuiona yote.

Hapo ndipo nilipojicheka peke yangu usiku ule. Katika Ar-Risala, Bwana Mtume (S.A.W.) haonekani wala sauti yake haisikiki. Wakeze, mabinti zake na Makhalifa wanne nao hawaigizwi. Penye kuhitajika kuzungumza naye, mwigizaji huielekea kamera yenyewe, akanyamaza kama anayesikiliza, kisha akajibu. Tulifundishwa kwamba asiyeonekana ni yeye, nasi tukimswalia. Basi mimi, mtoto wa miaka tisa, kila nilipomwona mtu akizungumza na asiyeonekana nilimswalia Mtume. Sasa picha imerudishiwa pande zake, nami nimegundua kuwa mara nyingi aliyekuwa hapo ni Zayd tu, au mtu wa msafara, aliyekatwa na kioo chetu. Nimewaswalia wachunga ngamia wangapi, Mungu ndiye ajuaye. Naomba thawabu zisipungue.

Jambo hilo limenikaa moyoni kuliko nilivyotazamia. Kusafishwa kumerudisha kila kilichopotea: safu za Makureshi wakishuka bonde la Badri, wekundu wa machweo, nyuso za watu waliokuwa pembeni. Kumerudisha baraza zima la Najashi kule Habasha, jirani zetu wa kaskazini, Sayyidna Jaafar (R.A.) upande mmoja na Amr bin al-As upande wa pili, na mfalme wa Kiafrika katikati akipima maneno ya wote wawili. Kwenye kanda tulikuwa tukimwona mmoja mmoja, kana kwamba hawamo katika chumba kimoja. Yote yamerudi. Asiyeonekana kwa heshima amebaki haonekani. Utotoni kutokuwepo kwa aina mbili kulichanganyika machoni mwangu, kwa adabu na kwa upungufu. Leo najua kuvitenganisha.

Tulitazama watatu: mimi, kitindamimba wangu mwenye miaka kumi, na Mama. Nuru ya macho ya Mama imepungua sana, huona mwanga na vivuli tu, kwa hiyo usafi wote wa picha haukumfaa kitu. Alitaka kusikia. Nikakaa kando ya runinga, palepale alipokuwa akikaa Baba, nikaanza kufasiri.

Haikuchukua muda akaanza kunisahihisha. Ilipofika Umayya kumlaza Sayyidna Bilal (R.A.) juani na kumwekea jiwe kifuani, Mama alisema, "Hapa babako alisema, na sisi tujihadhari na wanaotutumikia." Nikarudisha nyuma, nikasikiliza, nikasoma na tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Maneno hayo hayamo. Yalikuwa ya Baba. Siku zile nyumbani kwetu alikuwako msichana wa kazi, akiketi mkekani pamoja nasi. Niliyachukua kuwa maneno ya filamu miaka yote hiyo, na nikajaribu kuishi nayo.

Kisha ikafika Uhud.

Sijapata kuliona tukio la Uhud hadi mwisho wake. Kila mwaka, Wahshi alipoinua mkuki, Baba aliniambia, "Mwanangu, hebu nenda kaniletee maji." Mtungi ulikuwa nyuma, uani. Niliporudi, vita vilikwisha na watu wameshafika mahali pengine. Nilikua nikijua kwamba Sayyidna Hamza aliuawa shahidi. Sikuyaona aliyofanyiwa mwili wake baadaye.

Nami usiku ule, Wahshi alipoinua mkuki, nikajisikia nikimwambia mwanangu, "Hebu nenda kaniletee maji." Akanyanyuka kwa utiifu, akachukua rimoti. "Naisimamisha, Mama, ili isinipite."

Mama alicheka katika giza lake. "Babako hakuwa na kiu," akasema. "Na wewe huna kiu."

Nilibaki sina la kusema. Zama za Baba, kanda iliendelea kuzunguka na mtoto akapitwa. Leo picha husimama ikamngoja. Nikamketisha karibu yangu, nikaipeleka picha mbele, lakini habari sikuipeleka mbele. Nilimweleza kwa maneno yanayomstahili mtoto: kwamba Hind alifiwa na baba, ami na ndugu siku ya Badri, kwamba uchungu wake uligeuka kiu ya kisasi, kwamba alimtumia Wahshi, na kwamba Sayyidna Hamza alipokufa, hata maiti yake haikuachiwa heshima. Mtoto alisikiliza kimya. Akauliza, "Hamza alikuwa nani kwa Mtume?" Nikamwambia, "Ami yake." Akafikiri. Yeye ana ami anayempenda sana.

Usiku wa pili tulimalizia. Makka ikafunguliwa, masanamu yakaondolewa, Bilal akapanda juu ya Kaaba kuadhini. Watu wa Makka wakasimama wakingoja hukumu yao, nao wakaambiwa waende zao, wako huru. Mimi nilipokuwa mtoto, sehemu hiyo ilikuwa shangwe tu: farasi, adhana, na dalili kwamba kaimati zinakaribia. Mwanangu hakushangilia. Aliniuliza, "Na yule mama aliyemfanyia vile ami yake Mtume, naye kasamehewa?"

"Naye."

"Na Wahshi?"

"Na Wahshi pia, alipokuja kusilimu."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Mimi katika umri wake sikuuliza swali hilo, kwa sababu sikuwa nimeonyeshwa lililosamehewa. Mtoto aliyefichwa jeraha huona msamaha kuwa jambo jepesi. Baba hakukosea kunikinga macho. Picha ile si ya mtoto, na kama angekuwa na rimoti pengine angefanya kama nilivyofanya. Lakini alinikinga na habari pia, na kwa hivyo nilipoteza nusu ya kisa, kama kioo kilivyotupotezea pande za picha. Imenichukua zaidi ya miaka thalathini na diski ya kutoka Dubai kuirudisha.

Kwa hiyo, ndugu wazazi, nina nasaha chache kwa watakaotaka kuitazama na watoto wao. Gaweni filamu kwa siku mbili, maana ni ndefu na toleo la Kiarabu ni refu zaidi. Itazameni ninyi kwanza, mjue penye vita na mateso, muwe tayari kupapitisha. Mkipitisha picha, msipitishe maelezo. Filamu si kitabu cha sira wala haichukui nafasi ya mwalimu, basi kila mtoto anapouliza, fungueni kitabu au mpelekeni kwa ustadhi. Tafuteni nakala halali, si zile zinazonakiliwa vichochoroni, ambazo huturudisha kwenye kijivu kilekile. Na ikiwa katika nyumba yumo anayeshika kauli ya wanaokataza, aheshimiwe, asichekwe wala asilazimishwe. Hitilafu za wanavyuoni ni pana, na nyumba zetu zina mabaraza.

Zaidi ya yote, akiwako mzee nyumbani, mketisheni naye hata kama macho yake hayaoni. Mwulizeni siku zile nani alikuwa akifasiri, na alisema nini. Kuna maneno ambayo hayamo katika nakala yoyote, na hakuna mashine itakayoyasafisha baada ya mwenyewe kuondoka.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awape afya waliobaki, na atujaalie tuwe wenye kusamehe hali tunajua tunachokisamehe. Amin.

Wabillahi tawfiq.