Mkuki Tunauweka, Mhunzi Tumemsahau

Wadau, leo nina dukuduku na nisipolitoa litanipasua. Naomba mnivumilie, na mwenye hoja ya kunipinga karibu sana.

Tuanzie Bweranyange, kule Karagwe. Wengi wetu jina hili tulilikutia darasani, tena kwa mlango wa nyuma. Novemba 1861 Wazungu wawili, John Speke na James Grant, walifika hapo kwenye makao ya mfalme Rumanyika. Grant akaugua mguu, akabaki kwa miezi mwenzake alipoendelea na safari ya Buganda. Mwalimu akasema andikeni, tukaandika. Mtihani ukaja, tukajibu. Basi.

Hatukuambiwa (mimi angalau sikuambiwa) kwamba watawala wa Karagwe walihesabu nyundo za chuma miongoni mwa alama za ufalme wao. Nyundo, bwana! Stanley naye alipofika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina ya Rumanyika, yenye mikuki na sanamu za ng'ombe zilizotengenezwa kwa shaba. Maana yake ni nini? Kwamba mtu wa moto na mvukuto alikuwa na nafasi yake karibu na kiti cha enzi. Wale watu walijua kitu ambacho sisi wenye digrii tumekisahau: mfalme asiye na mhunzi ataenda vitani na fimbo. Kwangu mimi mhunzi ndiye alikuwa mhandisi wa jeshi wa zama zile.

Sasa tutoke Bweranyange twende Kaboya, wilaya ya Muleba, mkoa huohuo wa Kagera. Hapo ndipo yalipo makaburi ya wanajeshi wetu zaidi ya 600 waliokufa katika vita vya Kagera. Ukitaka kujua kwa nini walikufa, pita Kyaka, pale njia ya Karagwe inapoachana na ya Mutukula, uutazame mto.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka. Novemba 1 akatangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni mali ya Uganda. Raia wapatao 1,500 wanakadiriwa kuuawa, na maelfu wakakimbilia kusini. Novemba 3 daraja la Kyaka likalipuliwa. Na hapa naomba usome polepole. Ndege za Amin zilijaribu kulivunja kwa mabomu zikashindwa, ikabidi atafutwe mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya shaba ya Kilembe. Huyo ndiye aliyeliweza.

Umeona? Aliyelivunja daraja letu tunajua hata alikotoka kikazi. Haya, nitajie jina moja tu la Mtanzania aliyeweka daraja la muda mahali pake, vifaru na mizinga ikapita. Moja tu. Nasubiri.

Tunawajua makamanda, na ni haki yao. Marehemu Jenerali David Musuguri, aliyefariki mwaka 2024, aliitwa Jenerali Mutukula. Silas Mayunga aliitwa Mti Mkavu. Majina matamu, unayasema mtoto anakodoa macho. Lakini jenerali havuki mto kwa jina lake la utani. Anavuka juu ya chuma, na chuma hicho kuna mtu alikibeba.

Kwa wasiojua kazi yenyewe, chukueni mfano wa daraja la Bailey, lililobuniwa na Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita Kuu ya Pili. Linaunganishwa kwa vipande vya chuma, kila kipande kina uzito wa kilo 260 hivi, na kinabebwa na watu sita kwa mikono yao. Wanaliunganisha upande mmoja wa mto, kisha wanalisukuma juu ya magurudumu mpaka ncha yake iguse ng'ambo. Askari wa bunduki akisikia risasi anaweza kulala chini. Aliyeshika kilo 260 pamoja na wenzake watano alale wapi?

Wala sisemi wahandisi wote walikuwa malaika. Mutukula ilipotekwa Januari 1979, matingatinga yaliusawazisha mji. Aliyekuwa kwenye usukani wa tingatinga lile alirudi nyumbani na nini moyoni? Hilo nalo ni historia yetu, na ningependa kulisikia kabla halijazikwa naye.

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi huweka sime. Wazee waliopigana vita huweka shoka. Mwaka 2013 maadhimisho ya kitaifa yalifanyika palepale Kaboya. Hebu zitazame zana hizo: mkuki, sime, shoka. Zote zimetoka kwa mhunzi! Tunamheshimu shujaa kwa kazi ya mtu ambaye hatuna habari naye.

Nakiri, sisi waandishi ni wakosaji wakubwa. Nimewahi kuandika habari ya Siku ya Mashujaa. Aya ya kwanza mgeni rasmi amewasili, ya pili mgeni rasmi ameasa, ya tatu mgeni rasmi ameondoka. Mashujaa wenyewe walipata sentensi moja, tena ya mwisho, ambayo mhariri aliikata kwa kukosa nafasi. Sikupigania. Naona aibu hadi leo.

Kuna watakaoniambia askari ni askari, usiwabague. Sawa, lakini anayewabagua ni nani, mimi au kitabu kinachotaja makamanda tu? Wengine watasema hizo ni siri za jeshi. Siri gani jamani? Kampala iliangushwa Aprili 11, 1979. Amin mwenyewe alikufa uhamishoni Saudi Arabia mwaka 2003. Sioni adui gani atafaidika leo akijua kwamba fulani wa kijiji fulani alipenda hesabu, akajiunga na jeshi, akajenga madaraja, akafa, akazikwa Kaboya.

Jina juu ya kaburi halitoshi. Linasema hapa amelala mtu, halisemi alifanya nini wala alimwacha nani. Wanaoweza kutusimulia ni wenzake. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia sabini. Kila tunapoahirisha, tunazika shahidi.

Dawa si ngumu wala haihitaji tume. Kila Julai 25, kabla ya hotuba, usomwe wasifu wa mtu mmoja aliyelala pale, dakika tano tu. Shule za Kagera, za Bweranyange zikiwemo, zitume wanafunzi wenye simu wakawarekodi wazee waliopigana. Na sisi wa magazeti tumpe mgeni rasmi aya moja, zinazobaki tuwape wenyewe.

La sivyo tuwe wakweli, tuache kuweka mkuki, maana hatumjui aliyeufua.

Naomba kutoa hoja.